Mtaala mpya wa kusoma na kuandika umefika: namna ya kuuingiza madarasa ya chini

Mwalimu mwenzangu, kama umekabidhiwa kazi ya kusimamia mtaala ulioboreshwa wa kusoma na kuandika shuleni kwako, nadhani hali iko hivi: vitabu vya kiada vimeletwa, kiongozi cha mwalimu kipo nakala chache za kugombania, semina imefanyika na kwisha, na walimu wa darasa la kwanza na la pili wanakutazama wewe. Mimi nimeratibu madarasa ya chini muda wa kutosha kuona mitaala ikija na kuondoka, na nina msimamo mmoja ambao utaukuta katika kila ninachoeleza hapa. Mtaala huingia shuleni kipindi kimoja kimoja. Mwalimu akishakiona kipindi kimoja cha aina mpya kinavyokwenda, akakifundisha mwenyewe, akakirudia mpaka kikamkaa, mtaala umeanza kuwa wake. Kabla ya hapo una karatasi tu, hata kama maazimio ya kazi yote yamejazwa na kugongwa mhuri.

Usome mtaala ukiwa na kalamu mkononi

Kabla hujaitisha kikao chochote, kaa na muhtasari wa zamani na mpya, ukurasa kwa ukurasa. Weka alama kwenye yaliyobaki, yaliyohama na yaliyoongezwa. Mara nyingi utakuta mengi yamebaki: irabu, silabi, mwandiko, imla, ufahamu. Kinachobadilika zaidi ni mpangilio wa sauti, muda wa vipindi, na namna ya kupima. Andika tofauti hizo kwenye karatasi moja, upande mmoja tu, maana hiyo ndiyo karatasi ambayo walimu wataisoma. Mwalimu anayeona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka yote bado inahitajika husikiliza kwa utulivu yale machache yaliyo mapya.

Halafu upime mtaala wenyewe. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lililochambua tafiti za ufundishaji wa kusoma lilitaja maeneo matano: kusikia na kuchezea sauti za maneno, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha wa kusoma, msamiati na ufahamu. Chukua maeneo hayo, kisha uliza kila moja linapatikana wapi katika wiki ya mtoto wako wa darasa la kwanza. Jumatatu kipindi gani? Kwa dakika ngapi? Usikubali jibu la “limechanganywa humo humo”. Eneo ambalo halina kipindi chake kwenye ratiba, kwa kawaida halifundishwi.

Kwa sisi tunaofundisha kusoma kwa Kiswahili, jambo moja linataka jicho la karibu. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: uwezo wa kusimbua maandishi, yaani kuzigeuza herufi kuwa sauti na maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walikusudia kuzidisha, wala hawakusema kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sasa, Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo upande wa kusimbua watoto wetu wanaweza kwenda haraka. Utafiti wa lugha kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wanaotumia wenzao wa lugha ambazo tahajia yake inafuata matamshi. Hiyo ni neema kwetu, na ndani yake kuna mtego. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, nukta anaziheshimu, halafu ukimuuliza nani aliyepotea katika hadithi anakutazama tu. Kwa hiyo unapoupitia mtaala mpya, tafuta msamiati na ufahamu kwa bidii ile ile unayotafutia silabi. Ukiona vimepewa nafasi finyu, hapo ndipo shule yenu itaongeza nguvu zake.

Wasikilize watoto kwanza

Wiki ya kwanza usigawe kitabu kipya. Weka benchi mahali patulivu, msikilize mtoto mmoja mmoja, hata kama darasa ni kubwa. Omba mwalimu mwenzako akushikie darasa. Mpe kila mtoto kadi ya silabi zilizochanganywa, aya fupi ya kusoma kwa dakika moja, na maswali mawili matatu kuhusu alichosoma. Baadaye, wakiwa wote darasani, toa imla ya sentensi tatu. Vipimo vya namna hii, vya mtoto mmoja na dakika moja, vimetumika katika nchi nyingi tangu mwaka 2006, na uzuri wake ni kwamba mwalimu yeyote mwenye saa na penseli anaweza kuvifanya.

Kuhesabu maneno kwa dakika kuna faida, ila usiazime viwango vya lugha nyingine. “Hawatamsomea” ni neno moja kwetu, na ndani yake mna mtenda, kukanusha, wakati, mtendwa na kitendo. Mtoto aliyesoma maneno kama hayo thelathini kwa dakika amefanya kazi kubwa kuliko tarakimu inavyoonyesha. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Kinachokupa maarifa ni aina ya kosa. Tuseme aya inasema: “Mwana alimwona ndege juu ya mti.” Mtoto wa kwanza anasoma “mu-wa-na”. Huyu anazijua silabi nyepesi vizuri, amekutana na konsonanti mbili zilizoshikana, akatafuta irabu ya kuzitenganisha. Anahitaji mw, kw, bw na ndugu zao, hahitaji kurudishwa kwenye a, e, i, o, u. Wa pili anasoma “muti”. Bado hajajua kwamba m inaweza kusimama yenyewe kama silabi, au lugha ya nyumbani inalitamka neno hilo hivyo. Wa tatu anatazama picha ya ndege tawini na kusema “kuna ndege amekaa kwenye mti”. Huyu hasomi, anabuni, na ni hodari wa lugha. Ukimpa silabi atapaa. Wa nne anasoma yote bila kosa, ukimuuliza mwana aliona nini, anajibu “mti”. Watoto wanne, sentensi moja, mahitaji manne. Ukiwapa wote ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, wawili kati yao watapoteza muda na wawili hawataguswa.

Na hapa naomba sana: usimhesabie mtoto kosa la kusoma kwa sababu ya lafudhi. Anayesoma “lafiki” pale palipoandikwa “rafiki”, na ndivyo anavyosema kila siku, ameisoma herufi sawasawa kwa ulimi wake. Hali kadhalika anayetamka dh kama z, au th kama s. Matamshi tutayafanyia kazi kwa michezo ya sauti, taratibu, bila kumkatiza katikati ya sentensi. Nimeona watoto wengi waliokatizwa kila neno la pili wakajifunza kunong’ona, na mtoto anayenong’ona humsikii tena, huwezi kumsaidia.

Walimu wanataka kuona

Gene Hall na Shirley Hord, ambao walifuatilia kwa miaka mingi namna walimu wanavyopokea mabadiliko, walibaini kwamba wasiwasi wa mwalimu huja kwa zamu. Kwanza ni juu yake mwenyewe: nitaweza? nitaonekana sijui? Kisha ni juu ya kazi: muda nitaupata wapi, madaftari yote haya nitasahihisha saa ngapi? Mwisho kabisa ndipo anapoanza kuuliza watoto wanafaidika vipi. Semina nyingi huanzia huko mwisho, zikamhubiria mwalimu faida kwa watoto huku yeye bado anawaza kitabu chenyewe kinafunguliwa vipi. Jibu wasiwasi wa kwanza kwanza.

Namna ya kuujibu ni kuonyesha. Tangu miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, wamesisitiza kwamba maelezo peke yake huingia darasani kwa shida. Mwalimu anahitaji kuona somo likifundishwa, kulijaribu, kuambiwa lilivyokwenda, na kuwa na mwenzake wa kumsindikiza. Kwa hiyo ingia darasa la mwenzako, na watoto wake, na chati yake, ufundishe somo moja la aina mpya huku yeye amekaa nyuma. Liwe darasa la kawaida lenye watoto wote, lisiwe kundi la wateule. Kesho yake mfundishe pamoja. Keshokutwa afundishe yeye, wewe ukae nyuma, na baada ya kipindi umwambie jambo moja zuri na jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Mwalimu aliyepewa orodha ya marekebisho saba hafanyi hata moja.

Utakutana na mwalimu mkongwe ambaye atakuambia, kwa heshima lakini bila kuzungusha: “Mwalimu, mimi hawa watoto nimewafundisha kwa ba be bi bo bu, na wanasoma. Wengine leo ni walimu kama wewe.” Anasema kweli, na lazima umwambie kwamba anasema kweli. Silabi ndiyo njia ya asili ya Kiswahili na mtaala wowote wenye akili utaibakiza. Halafu mwombe mfanye jambo moja pamoja: chukueni kadi za ba, be, bi, bo, bu ambazo darasa linaziimba kila asubuhi, mzichanganye, mmpe mtoto mmoja mmoja. Wapo watakaosoma. Wapo watakaosoma ya kwanza “ba”, ya pili “be”, ya tatu “bi”, hata kama kadi iliyo mkononi ni “bo”. Hao wamehifadhi wimbo. Huhitaji kusema neno zaidi ya hapo. Mwalimu mwenye uzoefu akishaona mwenyewe, huwa wa kwanza kuzichanganya kadi, na sauti yake hubeba uzito kwa walimu wengine kuliko yangu na yako.

Anza na darasa moja au mkondo mmoja kama uongozi unaruhusu. Kama agizo ni madarasa yote kwa pamoja, basi anzeni wote na aina moja ya kipindi: wiki za mwanzo ni kipindi cha sauti tu kinachofuata utaratibu mpya, mengine yaende kama zamani. Kikishakaa, ongezeni cha kuandika. Kisha cha ufahamu.

Kipindi kimoja kwa karibu: sauti nd

Nimeichagua nd kwa sababu ndipo darasa la kwanza hukwama kimya kimya. Watoto wanaijua n, wanaijua d, na sisi tunadhani tayari.

Anza madaftari yakiwa yamefungwa na ubao mtupu. Taja jozi za maneno kwa sauti ya kawaida: doa, ndoa. Doo, ndoo. Waulize wamesikia nini tofauti. Wapo ambao hawasikii tofauti yoyote mwanzoni, na hilo ndilo jambo unalotaka kulijua kabla ya kuandika chochote. Waweke mkono puani kwa wepesi wakitamka. Kwenye nd watahisi mtetemo mdogo pale mwanzo, kwenye d hawatausikia. Kisha mchezo: ukitaja neno lenye nd wasimame, lisilo nayo wakae. Ndege. Dada. Panda. Duka. Kidonda. Usiwapangie kwa zamu, maana watoto huwahi kugundua mpango kuliko sauti. Dakika tano zinatosha.

Sasa andika ubaoni n, kisha d, kisha nd. Waandike hewani, halafu kwenye kibao au karatasi. Toa kadi nda, nde, ndi, ndo, ndu, lakini usianzie nda, anzia popote. Baada ya silabi, maneno: panda, tundu, ndama, kidonda. Kila neno liwe na herufi walizokwisha kufundishwa tu, kwa hiyo kama z hawajaifikia, ndizi isubiri. Hapa ndipo mitaala mizuri hutofautiana na mibaya, na hapa ndipo uwe mkali unapokagua kitabu cha kiada. Sentensi ya mazoezi iwe ile ambayo mtoto anaweza kuisoma kwa alichonacho, bila kubahatisha: “Dada anapenda ndama.” Ni sentensi fupi, lakini akiisoma mwenyewe, herufi hadi nukta, uso wake utakuambia.

Funga kwa imla: maneno mawili na sentensi ile moja. Pita kati ya madawati ukitazama. Atakayeandika “anapeda” hajaisikia sauti bado, mrudishe kwenye doa na ndoa kesho asubuhi kwa dakika mbili. Atakayeandika “anapenba” ameisikia vizuri, b na d ndizo zinazompa tabu, na dawa yake ni kuandika d kwa kuanzia duara, mara nyingi, mkono ukizoea mwendo. Makosa mawili yanayofanana kwa macho, matibabu tofauti kabisa. Mwalimu akianza kuona hivyo, kiongozi cha mwalimu kinakuwa msaidizi wake na anaacha kukiogopa.

Utaratibu huo huo utawafaa mb (bao, mbao), ng (goma, ngoma), nj na nyinginezo. Ng’ iachieni wiki yake, mbali na ng, ili watoto wasizichanganye, na alama ile ya juu ifundishwe kama sehemu ya herufi, isionekane pambo.

Kuandika kusigeuke kunakili

Hapa nina moyo wangu wote. Katika madarasa mengi kipindi cha kuandika maana yake ni mwalimu anaandika ubaoni na watoto wananakili. Kunakili kuna kazi yake, kunafunza mwandiko, nafasi kati ya maneno, kukaa kwenye mstari. Lakini mtoto anaweza kunakili mwaka mzima bila kuandika wazo lake hata moja. Mitaala iliyoboreshwa karibu yote inadai utungaji mapema, na hicho ndicho kipengele ambacho walimu hukiruka kwanza, kwa sababu darasa linaonekana kama halijawa tayari.

Gawanyeni kuandika mara tatu: mwandiko, tahajia, utungaji. Mwandiko kila siku, muda mfupi, mwalimu akifuatilia mtoto anavyoshika penseli na wapi anapoanzia herufi. Tahajia imeunganishwa na imla ya sauti ya siku hiyo. Utungaji, mara mbili kwa wiki, kuanzia muhula wa kwanza wa darasa la kwanza, hata kama mtoto anajua silabi chache. Anachora, kisha anaandika anachoweza chini ya picha. Kabla ya kuandika, aseme sentensi yake kwa jirani, aihesabu maneno kwa vidole, ndipo aandike. Hatua hiyo ya kusema kwanza ndiyo inayofungua mikono ya walio kimya.

Utapokea maandishi kama haya: “mimi ninapeda paka wagu”. Mwalimu wa zamani ndani yetu anataka kuchukua kalamu nyekundu. Subiri, usome kwanza alichokufundisha mtoto huyu. Amejua kuacha nafasi kati ya maneno. Amejua kwamba sentensi ina mtu, kitendo na kitu. Irabu zote ziko sahihi. Amekosa nd na ng, na kosa ni la aina moja katika maneno yote mawili: haisikii ile sauti ya puani inayotangulia. Herufi kubwa na nukta bado, zitakuja. Kwanza jibu alichosema: “Na mimi nampenda paka. Wako ana rangi gani?” Andika hivyo chini ya maandishi yake, umsomee. Kisha chagua kosa moja, hilo la nd, ulifanyie kazi naye. Mengine yaandike kwenye daftari lako, yakuongoze somo la wiki ijayo, kwani ukifungua madaftari kumi utagundua nusu ya darasa ina kosa lile lile, na badala ya kusahihisha mara ishirini unafundisha mara moja.

Wazazi watauliza kwa nini daftari lina makosa ambayo hayakuguswa. Waambie mapema, kabla hawajauliza.

Ufahamu hufundishwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Dolores Durkin alikaa madarasani Marekani kutazama namna walimu wanavyofundisha ufahamu. Alichokikuta ni kwamba kwa sehemu kubwa walikuwa wanapima: soma, jibu maswali, sahihi, kosa. Kufundisha jinsi ya kuelewa kulikuwa kudogo sana. Nikitazama vipindi vyetu vya ufahamu nauona mchezo huo huo, na mtaala mpya wenye maswali mengi zaidi mwishoni mwa hadithi hauuondoi.

Kufundisha ufahamu ni mwalimu kuonyesha akili yake inavyofanya kazi. Unasoma hadithi kwa sauti, unasimama mahali: “Hapa imeandikwa ‘alirudi akiwa amelowa’. Haijasemwa mvua ilinyesha. Mimi nadhani ilinyesha, au labda alianguka mtoni. Ngoja nisome mbele nione.” Mtoto hajui kwamba wasomaji hufanya hivyo vichwani mwao, anadhani kusoma ni kutamka. Fanya mara chache katika kila hadithi, kisha waachie wao wafanye. Maneno magumu yafafanue kabla, mawili au matatu tu, kwa kuyatumia katika sentensi na kuwataka watoto wayatumie.

Ukiuliza swali, ngoja. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja kabla ya kurukia mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu hivi majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hushiriki. Hesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu mbele ya darasa kimya ni ndefu mno mwanzoni, utazoea.

Ratiba, wazazi na upimaji

Kusoma na kuandika vikae asubuhi, na vipindi vyake visiwe vya kukopwa na shughuli nyingine. Mwombe mwalimu mkuu alitamke hilo mbele ya wote, kwa sababu wewe mratibu huwezi kulilinda peke yako.

Kwa wazazi na walezi fanya kikao kimoja kifupi na uwaonyeshe somo, kama ulivyowaonyesha walimu. Waombe wamsikilize mtoto akisoma kidogo kila siku, wasimfundishe kwa namna nyingine inayomchanganya, hasa kumkaririsha majina ya herufi wakati shule inafundisha sauti. Mzazi asiyejua kusoma ana nafasi kamili hapa: amwambie mtoto, “Haya, nisimulie ulichosoma leo,” kisha aulize, “Ikawaje?” Maswali hayo mawili yanajenga ufahamu kuliko kazi nyingi za nyumbani ninazoziona. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na umwite Mama au Baba fulani mbele ya mtoto wake, ajue kwamba shule inamtegemea.

Upimaji uwe mdogo na wa mara kwa mara. Kila mwalimu achague watoto watano kwa wiki, awasikilize dakika moja moja, aandike silabi walizokwama. Mkutane kila baada ya wiki mbili, walimu wa madarasa ya chini tu, mkiwa na madaftari ya watoto mezani. Kikao kisicho na madaftari hugeuka malalamiko. Kikiwa nayo, mtu anasema “tazama huyu wangu anaandika mwezi kama mezi”, mwingine anajibu “wangu pia”, na papo hapo mnapanga nani ataandaa kadi za mw na lini mtalifundisha.

Msibadilishe utaratibu katikati ya muhula kwa sababu alama zimeshuka kidogo. Zinaweza kushuka kweli, hasa watoto wanapoanza kuandika maneno yao wenyewe badala ya kunakili, kwa kuwa makosa yaliyokuwa yamefichika sasa yanaonekana. Mweleze mwalimu mkuu jambo hilo mwanzoni kabisa, na umwonyeshe daftari moja la mwezi wa kwanza na la mwezi wa tatu pamoja.

Mwisho wa mwaka, walimu watahamishwa na wageni watakuja. Weka faili moja kwa kila darasa: karatasi yako ya tofauti za mitaala, maandalio ya masomo yaliyofaa yakiwa na maandishi ya pembeni ya mwalimu aliyeyafundisha, kadi zote zikiwa kwenye bahasha, na orodha ya watoto ikionyesha kila mmoja amefika wapi na silabi zipi hazijamkaa. Orodha hiyo mwalimu wa darasa linalofuata aipokee mkononi, kabla muhula haujafungwa, akiwa amekaa na mwalimu anayemwachia watoto, wakipitia jina moja baada ya jingine.